Mjadala: Picha ya kufumba na kufumbua kwenye skrini za matangazo, ikatazwe?

Mkaazi wa Michenzani: Nasema mapema ili nipingwe mapema. Skrini za barabarani ziwekewe sharti: kila picha ikae angalau milisekunde 50 (sekunde moja ni milisekunde 1,000). Chini ya hapo mtu haioni, lakini inamuingia. Mnaijua ile ya sinema Marekani 1957, maneno ya tangazo yakapitishwa kufumba na kufumbua katikati ya filamu, watu wakanyanyuka kununua bisi na soda bila kujua wamesukumwa na nini.

Maalim wa Wete: Sheikh, hiyo ya 1957 itoe. James Vicary, mtafiti wa soko aliyeitangaza, alidai mauzo ya bisi yamepanda asilimia 57.7 na Coca-Cola 18.1, mwaka 1962 akakiri mwenyewe kwamba data aliyokuwa nayo ni ndogo mno kuwa na maana. Na hiyo 50 yako haisimami peke yake. Flashi ya kamera ni fupi kuliko hapo na hakuna asiyeiona. Chini ya milisekunde 100 hivi jicho hujumlisha mwanga: punguza muda kwa nusu, ongeza mwangaza mara mbili, matokeo yale yale. Kinachoificha picha ni kile kinachoifuata.

Fundi Skrini, Chake: Hilo hujaribiwa kwenye kompyuta yoyote. Skrini ya hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, hubadilika kila milisekunde 16.7, kwa hiyo 20 au 30 kamili hupati, utapata 16.7, 33.3, 50. Weka neno jeusi juu ya kijivu kwa fremu 2 (kila picha moja ya skrini ni fremu), kisha kijivu kitupu: wengi watalisoma. Rudia fremu 2 zile zile, ila papo hapo lifuatishe na vipande vya herufi vilivyochanganywa, pale pale lilipokuwa neno, kwa fremu 15. Wengi watakwambia hawajaona neno. Vipande vikikaa pembeni kidogo, neno linachungulia. Programu nayo ikikwama, fremu 2 huwa 3 na jaribio limeharibika. Rekodi skrini kwa simu ya fremu 240 kwa sekunde uhakikishe.

Bi Mkunazini: “Hawajaona” kwa swali gani? Ukiuliza “umeona?” watakataa. Walazimishe kuchagua kati ya maneno mawili, mara nyingi watapatia zaidi ya nusu. Hapo ndipo wataalamu wenyewe hawajakubaliana: kupatia bila kujua ni kuona, au si kuona? Ila tusitishane: athari inayopimwa kwa maneno yaliyofichwa hivyo ni ndogo na hufifia haraka.

Mkaazi wa Michenzani: Haya, 50 naiacha. Marufuku siiachi. Mkaguzi hana maabara, afanyeje?

Fundi Skrini, Chake: Adai faili kabla ya kibali, alipitie fremu moja moja kwenye programu ya kuhariri. Tangazo la sekunde 10, fremu 25 kwa sekunde, ni fremu 250. Ikikutwa ngeni, iwe 1 au 5, linarudi.

Maalim wa Wete: Na nani ataamua ipi ngeni? Mhariri akikata picha haraka haraka kwa ajili ya mdundo, hajamficha mtu kitu.

Bi Mkunazini: Mie naona mnahangaika na fremu moja, skrini iliyo wazi mnaiacha. Jicho likishashika kitu, kingine kinachotokea milisekunde 200 hadi 500 baadaye hupotea mara nyingi, hata kama peke yake kingeonekana vizuri. Limepimwa kwa herufi zinazopita mfululizo, si barabarani, nakubali. Lakini mzunguko wa Michenzani una bodaboda na watembea kwa miguu. Kama sharti litaandikwa, lianze na picha zinazobadilika mbele ya dereva.