Aliyenusa chakula changu mbele za watu, uzi huu ni wako

#1 (mleta uzi)
Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Simtaji jina, wala sina haja. Kila kundi la safari linaye, mnamjua. Ni yule anayevaa miwani ya jua ndani ya ndege usiku.

Nimekuja likizo ng'ambo na chakula changu begini. Tambi za kumwagia maji ya moto, shayiri ya uji, biskuti, karanga, majani ya chai. Birika la umeme liko chumbani, maji yapo, tatizo liko wapi? Sijamwomba mtu senti, na hela ninayookoa kwenye mlo ndiyo inayonilipia kiingilio cha makumbusho.

Sasa tumekaa meza za nje, kundi zima lipo, na wageni wa meza ya jirani wanatazama. Nafungua bakuli langu. Huyu bwana akanyoosha mkono, akalivuta bakuli kwake, akainama, AKANUSA. Pua iliingia bakulini mpaka miwani ikapata ukungu kwa mvuke wa tambi zangu. Akainuka, akatangaza kwa sauti ya dalali: "Tumekuja kutalii au tumehama?"

Watu walicheka mpaka mhudumu akaja mbio akidhani kuna aliyepaliwa.

Alinusa, wakuu. Angenizaba kofi ningeshamsamehe. Forodhani nilijaza fomu, kwenye swali la chakula nikaweka NDIYO, nikatoa pakiti moja moja. Afisa akasoma viambato, akaniruhusu. Mbwa wa forodha, ambaye ameajiriwa kwa kazi ya kunusa, alinipita kama hanioni. Huyu nani kampa ajira?

#2
Pole sana mkuu. Zilikuwa ladha gani?

#3
Mtu wa hivyo anyang'anywe pasipoti na pua.

#4
Mleta uzi, umevuka bahari kwenda kula tambi za pakiti. Huyo bwana kauliza swali la msingi, wewe unakuja kulia huku. Bahili mkubwa wewe.

#1
#4 niite bahili mpaka kesho, deni la safari halitanisubiri mlangoni nikirudi. Wewe ukishalipa mkahawa mara tatu kwa siku utuambie uliona nini zaidi ya menyu. Na hujajibu hoja. ALINUSA. Bakuli la mtu mzima!

#5
Wewe angalau ulikula. Mimi nilibeba soseji na jibini kwenda Ulaya, zikaishia pipani nikiziangalia. Kumbe nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviingii kwenye begi la abiria, ukiacha nchi chache. Samaki wanakuruhusu hadi kilo 20, lakini kipande changu cha jibini ndicho cha hatari!

#6
#5 hawakukuonea. Mwaka 2001 Uingereza ilichinja mifugo zaidi ya milioni 6 kwa ugonjwa wa miguu na midomo, na inaaminika ulianzia kwa nguruwe waliolishwa mabaki yenye nyama iliyoingizwa kimagendo. Ungebeba ndizi, nanasi au tende, hizo Ulaya hazidaiwi hata cheti cha mimea.

#5
Asante mwalimu. Soseji zangu zimerudi?

#7
Mimi walinichukulia siagi ya karanga kwenye ukaguzi wa mizigo ya mkononi. Eti inahesabiwa kama kimiminika, imezidi mililita 100. Kimiminika! Niligeuza kopo juu chini mbele yao, haikudondoka hata tone. Ikaenda.

#8
Nyie wote mna nafuu. Kuna yule anayekula kamba, nyama choma na vitindamlo viwili, wewe umeagiza supu, bili ikija anasema "tugawane sawasawa, tusihesabiane". Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

#9
#8 umenigusa donda. Wangu huwa anaingia msalani bili ikikaribia. Kibofu chake kinajua hesabu kuliko keshia.

#1
Wakuu, uzi ni wa kunusa. Alivuta bakuli, akainama, akanusa. Mnaelewa nilikula zile tambi baada ya pua yake kutoka humo?

#10
Kwa hiyo ulizimaliza?

#1
Ningezitupa, nile nini? Nilizimaliza nikimkazia macho.

#11
Wasafiri wa New Zealand, tufaha la kwenye ndege liliwe hukohuko juu. Ukilisahau mkobani bila kulitaja kwenye fomu, faini ni dola 400 za kwao, hata kama ulipewa na mhudumu wa ndege mwenyewe.

#4
Ndiyo maana mimi naenda mikono mitupu na kula hotelini kama watu.

#9
#4 unakula hotelini halafu bili anagawiwa nani? Nimeanza kukushuku.

#8
Hata mimi. Uandishi wake naufahamu. #4, wewe si ndiye ulikula kamba?

#4
Kamba walikuwa wa meza nzima.

#8
NI YEYE! Walikuwa mbele yako tangu sahani inawekwa mpaka inaondolewa! Na bakshishi ukatugawia!