Jenerali Dumas: kweli aliuzwa na baba yake mzazi?

mzee_wa_nyaraka
Wakuu salama? Kuna jenerali chotara wa Ufaransa, Thomas-Alexandre Dumas, kazaliwa 1762 huko Haiti enzi hizo ikiitwa Saint-Domingue, mama mtumwa mweusi baba mzungu wa ukoo mkubwa. Nasikia baba alimuuza. Sasa mtu aliyeuzwa anafikaje kuongoza majeshi ya wazungu?? Mwenye nondo ashushe

Kibopa77
Kweli mkuu. Mzee alikuwa hana nauli ya kurudi kwao basi akamuweka dogo kama rehani, akishapata hela akamkomboa, 1776 dogo katua Ufaransa ana miaka 14. Mama na ndugu zake wakabaki wameuzwa hivyo hivyo. 1786 akaingia jeshini, kikosi cha farasi, hana cheo chochote, na akajiandikisha kwa jina la mama, Dumas, la baba akalitupa huko. Mapinduzi ya 1789 ndo yakamfungulia njia maana maofisa wengi wa kitajiri walikimbia nchi, 1793 tayari ni jenerali na mwaka uliofuata jeshi lake la milima ya Alps likateka Mont Cenis kwenye barafu

dadaMwana
Umesahau lile daraja la Klausen 1797, alisimama karibu peke yake kuwazuia Waaustria, ndo wakawa wanamwita shetani mweusi 😂

mzee_wa_nyaraka
Sasa mbona hatumsikii kama Napoleon?

dadaMwana
Walikorofishana Misri, 1798. Dumas hakuona maana ya ile vita na alisema wazi, Napoleon hakusahau. Wakati wa kurudi meli ikaanza kuvuja ikabidi watie nanga Taranto, bandari ya ufalme wa Naples kusini mwa Italia, wakamfunga miaka miwili, katoka jicho moja halioni vizuri na sikio moja halisikii. Akafa 1806 bila kulipwa malimbikizo ya mshahara wake, mjane kaomba pensheni kanyimwa

Kibopa77
Tuwe fair lakini, waliomfunga ni ufalme wa Naples sio Napoleon

dadaMwana
Sawa kifungo tumwachie Naples, na pensheni je? Na Napoleon kurudisha utumwa kwenye makoloni 1802 je? Mtoto wake kaachwa na miaka mitatu, ndo huyo Alexandre Dumas aliyekuja kuandika riwaya ya The Count of Monte Cristo, inayohusu mtu kafungwa bila kosa, wewe unadhani aliitoa wapi

Kibopa77
Hapo kwenye pensheni sina utetezi