MJADALA: Vijana wawili, kosa moja. Adhabu iwe moja?

Afisa_Mstaafu
Heshima kwenu wote. Nimefanya kazi na watoto waliokinzana na sheria mpaka nikastaafu, na kuna jambo limenikaa kooni. Vijana wawili, wa miaka 15 na 16, wanapora simu moja usiku mmoja. Wa kwanza anasoma, hajawahi kukamatwa, na nyumbani kuna mtu wa kumwuliza ulikuwa wapi. Wa pili kaacha shule, anavuta kila anachopata, na marafiki zake wote wana kesi. Hakimu anawapeleka mahali pamoja kwa muda uleule, kwa kuwa kosa ni moja. Miaka miwili baadaye nawapokea tena wote wawili, na safari hii wa kwanza anajua mbinu zote za wa pili.

Hoja yangu: kila kijana apimwe kwa dodoso la kueleweka kabla ya hukumu. Nasema lile la akina Hoge na Andrews wa Kanada, lenye vipengele 42: makosa ya nyuma, familia, shule au kazi, marafiki, ulevi, anavyotumia muda wake, tabia na mtazamo wake. Mwenye hatari kubwa ya kurudia kosa apewe msaada mwingi, mwenye hatari ndogo aguswe kidogo tu arudi zake shuleni. Na msaada ulenge kile kinachomsukuma yeye. Asiyekunywa pombe hana haja ya somo la ulevi. Mnasemaje?

Jembe_Kali
Mkuu, nimesoma mara mbili nikimtafuta aliyeporwa kwenye maelezo yako. Hayupo. Mimi ndiye huyo. Walikuwa watatu, mkubwa wao hata ndevu hana. Nilitoa simu, nikatoa na pochi, na bado wakanipiga na chuma. Nyuzi saba kichwani. Hakuna aliyenijia na dodoso kuniuliza siku hizi nalalaje. Mwizi ni mwizi, afungwe.

Na tusidanganyane. Wafuatilie hao wote, nyumbani hakuna baba. Mwanamke peke yake hawezi kulidhibiti dume la miaka 16. Hicho ndicho kipimo, hivyo vipengele 42 vya nini?

Mama_Wawili
Jembe_Kali, pole kwa yaliyokupata, naisema kwa dhati. Ila hilo la mwisho umelirusha kama jiwe, na limenipata mimi. Nimelea wavulana wawili peke yangu. Mmoja anasomea uuguzi. Mwingine alikamatwa akiwa na miaka 14 kwa kuvunja duka na wenzake. Mama mmoja, chungu kimoja, chumba kimoja. Kama kipimo ni baba, mbona majibu yametoka mawili? Na kati ya wale wanne waliokamatwa pamoja na mwanangu, wawili baba zao walikuja kituoni. Mmoja alikuwa amelewa.

Mwalimu_wa_Zamu
Mama, usikasirike, mwenzio kasema kwa ujumla. Nimefundisha miaka 22 na ninakubaliana naye nusu: sauti ya baba ina uzito wake.

Lakini nirudi kwa mleta mada. Hawa wanaoanza uhalifu, dawa yao ninaijua. Wapelekwe gerezani siku moja tu, wafungwa wa kifungo cha maisha wawaeleze kinachowasubiri. Marekani walifanya hivyo miaka ya 70 na wakasifiwa sana. Mtoto akiona kwa macho yake anaogopa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, basi aonyeshwe guu lililovunjika.

Nafsi_na_Akili
Mwalimu, hiyo ilikuwa gereza la Rahway, New Jersey. Walisifiwa kweli, mpaka mtafiti James Finckenauer alipowalinganisha waliopelekwa na wasiopelekwa. Waliopelekwa ndio waliofanya makosa zaidi. Baadaye Petrosino na wenzake walikusanya majaribio ya aina hiyo ambayo vijana waligawanywa kwa kura, na jibu likawa lilelile: afadhali wasingefanyiwa chochote. Kijana wa miaka 15 hapimi hatari akiwa peke yake kichwani, anaipima mbele ya wenzake. Ukimtisha mbele yao, anatafuta namna ya kuwaonyesha kwamba hakutishika.

Kuhusu baba: dodoso alilolitaja Afisa halina kipengele cha kulelewa na mzazi mmoja. Linauliza kama kijana anasimamiwa, kama adhabu za nyumbani leo hivi kesho vile, kama uhusiano wake na mama umeharibika, na wake na baba vilevile. Baba anaweza kuwa kakaa sebuleni na kipengele kikawekwa alama.

Jembe_Kali
"Baba kakaa sebuleni." Sasa baba ndiye mwenye kosa. Mimi nina watoto watatu, nipo, nalipa, nakemea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpiga mtu na chuma. Nasikitika kwamba kila anayelea vizuri hapa anaambiwa ni bahati tu.

Mama_Wawili
Nani kasema bahati? Nimekuuliza swali ukaliruka. Wawili, mama mmoja. Jibu.

Jembe_Kali
Jibu ni kwamba mmoja ulimwachia. Wewe mwenyewe unajua ulikuwa wapi usiku ule.

Mama_Wawili
Nilikuwa kazini. Zamu ya usiku, nasafisha wodi. Sasa umejua.

Nimepita_Huko
Wakubwa, samahani, sikuwa na nia ya kuandika ila hapo mmenivuta. Niliingia mahabusu ya watoto nikiwa na 15. Nilipoingia nilikuwa nimeiba mara moja. Usiku wa kwanza waliniuliza "umekuja na nini?", nikaona aibu kusema ni simu. Nikadanganya nikasema tulivamia nyumba. Kuanzia hapo nikawa naishi na ule uongo, na nilipotoka walinitafuta kwa kazi ya kuvamia nyumba kweli. Nilikwenda.

Aliyenitoa huko hakuwa mtu wa kunitisha. Alikuwa afisa mmoja aliyekuja nyumbani jioni, akakaa na mama na mjomba, akawauliza nani atajua niko wapi saa mbili usiku. Hakuna aliyewahi kuwauliza hivyo. Waligawana siku. Mama hakuwa dhaifu, alikuwa mmoja.

Mwalimu_wa_Zamu
Kijana, asante kwa kusema, na nafurahi umesimama. Ila Nafsi_na_Akili, "afadhali wasingefanyiwa chochote" imenichoma. Mimi watoto nimewafuatilia mpaka majumbani kwao, kwa mguu. Huwezi kuniambia kumsaidia mtoto kunaweza kumdhuru.

Nafsi_na_Akili
Hilo ndilo lililoniuma mimi nilipolisoma mara ya kwanza, Mwalimu, kwa hiyo nakuelewa. Kuna mpango ulianza Massachusetts mwaka 1939, wavulana mia tano na kidogo.

Hesabu_Kwanza
506.

Nafsi_na_Akili
Ahsante. Nusu wakapewa kila kitu: mshauri anayekuja nyumbani, masomo ya ziada, kambi za likizo, matibabu. Nusu wakaachwa. Joan McCord akawatafuta miaka 30 baadaye wakiwa watu wazima. Theluthi mbili ya waliosaidiwa walisema mpango uliwafaa. Lakini kumbukumbu za mahakama na hospitali zilionyesha walikuwa na hali mbaya kuliko walioachwa: makosa ya kujirudia, ulevi, kufa mapema. Walipochimbua zaidi miaka ya 90, madhara yalionekana hasa kwa waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Ni yaleyale ya Nimepita_Huko: unawakusanya wavulana wenye matatizo, wanafundishana.

Sisemi usiwafuate majumbani. Huko ndiko penyewe. Nasema nia njema peke yake haitoshi, lazima tuhesabu baadaye.

Wakili_Kijana
Naona kila mtu yuko kwenye malezi, ila kuna kitu cha hatari kwenye mada yenyewe na kimepita hivihivi. Afisa ameandika apimwe "kabla ya hukumu". Kabla ya hukumu ipi? Ukimwuliza mtoto ambaye bado hajakutwa na hatia kama anatumia dawa za kulevya, na kama marafiki zake ni wahalifu, umemfanya akiri bila wakili. Hiyo karatasi ikimfikia mwendesha mashtaka imekwisha. Mtoto ana haki ya kutojishuhudia, ipo kwenye ibara ya 40 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989.

Pili, makosa ya nyuma yanahesabiwa vipi? Mahali polisi wanapopita kila saa, mtoto hukamatwa kwa jambo ambalo penginepo angeitiwa mzazi. Dodoso linamwona huyo aliyekamatwa kuwa hatari zaidi, kumbe limepima doria ya polisi.

Afisa_Mstaafu
Wakili, nakubali, niliandika vibaya. Nilimaanisha baada ya kukutwa na hatia, kabla ya kuamua afanywe nini. Na majibu yake yasitumike kumfungulia kesi nyingine, hilo liandikwe kwenye sheria yenyewe. Kwa hilo la polisi sina jibu kamili. Tulikuwa tunaruhusiwa kubadilisha matokeo ya dodoso kwa maelezo ya maandishi, na mimi nilibadilisha mara kadhaa. Sasa nawaza: na aliyekuwa meza ya pili, alibadilisha kwa nani?

Hesabu_Kwanza
Mimi nina shaka na upande wa pili, wa msaada. Tiba inayosifiwa zaidi ni ile ya mtaalamu kubeba familia nne mpaka sita tu, kwa miezi mitatu mpaka mitano, anapigiwa simu hata usiku wa manane. Henggeler wa Marekani ndiye aliyeianzisha. Huko kwao matokeo mazuri. Uingereza wakaijaribu kwa familia 684, matokeo yakatoka 2018: haikushinda huduma ya kawaida. Je, tuhubiri kitu ghali ambacho kikihama nchi kinaishiwa nguvu?

Nafsi_na_Akili
Hoja nzuri. Ila huduma yao ya kawaida tayari ilikuwa na maafisa, wanasaikolojia na watu wa elimu. Kushinda mkono mtupu si sawa na kushinda timu. Mahali ambapo kawaida ni kufungiwa tu,

Jembe_Kali
Naomba niingilie. Nimemsoma Nimepita_Huko mara tatu. Kaka, uliyemwibia ile simu, uliwahi kumwona tena?

Nimepita_Huko
Hapana. Nilimwona mahakamani kwa mbali, alikuwa mama mtu mzima. Hakuna aliyetukutanisha. Nisingejua niseme nini. Ila nilimkumbuka miaka mingi kwa sababu alikuwa ameshika mfuko wake kwa mikono miwili muda wote.

Mwalimu_wa_Zamu
Ndiyo maana nasema adhabu ya hapohapo inafaa kuliko kesi za mwaka mzima.

Wakili_Kijana
Mwalimu, adhabu ya hapohapo ni nini? Maana kama ni fimbo, tuanze mada nyingine.

Mwalimu_wa_Zamu
Sijasema fimbo. Wewe ndiye umesema fimbo. Nimesema hapohapo, asisubiri mwaka. Mtoto wa miaka 14 akihukumiwa ana 15 si yuleyule tena, hakumbuki hata alichokuwa anafikiri.

Afisa_Mstaafu
Kwa hili Mwalimu yuko sawa kabisa, na namshukuru.

Jembe, swali lako si la pembeni. New Zealand tangu sheria yao ya 1989 wana kikao cha familia: kijana, ndugu zake, polisi, na aliyetendewa akipenda. Wanakaa wanapanga atafanya nini, na aliyetendewa anasema mbele yake alichofanyiwa. Hapo ndipo ungekuwepo kwenye maelezo yangu. Ni kweli nilikusahau.

Jembe_Kali
Sitaki kikao cha kushikana mikono.

Ningekuwa na swali moja tu. Simu nilishatoa. Chuma kilikuwa cha nini?

Nimepita_Huko
Mkubwa, naweza kukuambia kwa upande wangu, sijui wa kwao. Mara nyingi aliyepiga ni yule mdogo, anayeogopa kuliko wote, na nyuma yake kuna mtu anamtazama.

Jembe_Kali
Alikuwa mdogo. Ndiyo.

Mama_Wawili
Jembe, mwanangu alipokamatwa nilimwomba afisa anipeleke kwa mwenye duka nikamwombe radhi. Nikaambiwa utaratibu hauruhusu. Sasa ana miaka 19 na bado anazunguka mtaa wa nyuma asipite mbele ya duka lile.

Jembe_Kali
Mama, lile la "ulikuwa wapi usiku ule" nalirudisha. Halikuwa langu kulisema.

Hilo la baba bado ninalo.

Mama_Wawili
Baki nalo. Kesi yako inatajwa lini?

Jembe_Kali
Mwezi ujao. Nitamwuliza mwendesha mashtaka kama naweza kumwuliza yule mdogo lile swali, hata kupitia kwake.

Mama_Wawili
Uliza. Na uulize kama mama zao wameambiwa tarehe. Mimi ya mwanangu niliijua siku ileile, saa nne asubuhi, nikiwa natoka zamu.