Tupeane uzoefu: Unafuatiliaje safari za anga ukiwa Tanga?

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wale ambao roketi ikirushwa Florida au Texas, wao huku Tanga simu iko mkononi na moyo unakwenda mbio. Tupo wengi kuliko watu wanavyodhani. Kila mmoja aseme alianzaje, anafuatilia kwa njia gani, na tukio gani halimtoki kichwani. Wageni karibuni sana, ulizeni chochote.

Naanza mimi. Jumatano ya tarehe 23 Agosti 2023 nilikuwa Ngamiani kwenye duka la vipuri vya pikipiki. India walikuwa wanakishusha chombo chao, Chandrayaan-3, karibu na ncha ya kusini ya mwezi. Mwenye duka akaegemeza simu kwenye kopo la grisi juu ya kaunta, wateja wakasogea. Siku nne kabla, Luna 25 ya Urusi ilikuwa imejibamiza mwezini, na India wenyewe walishapoteza chombo mwaka 2019 wakati wa kutua. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kushangilia mapema.

Mteremko ule unachukua kama dakika 19 na chombo kinajiongoza chenyewe. Sisi tulikuwa tunasoma namba kwa sauti, urefu unapungua, kasi inapungua. Fundi mmoja, mikono imejaa oili, akauliza kwa nini wasifungue parachuti. Nikamwambia mwezini hakuna hewa ya kuijaza parachuti, breki pekee ni injini. Akavuta ndoo, akakaa, hakutoka tena. Saa tisa na dakika 33 hivi alasiri kikatua, na yeye ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Sasa kila nikipita pale ananiuliza wiki hii kunarushwa nini.

Mvuvi wa Sahare:
Ahsante mleta mada. Mimi sihitaji bando kufuatilia vyombo vya anga, naviona. Sisi wa dagaa tunatoka usiku wa giza, mbalamwezi tunapumzika. Alfajiri wakati wa kurudi, au jioni baada ya magharibi, kile kituo cha anga cha kimataifa kinapita juu yetu. Kinang'aa sana, kinakwenda mwendo mmoja bila kuwakawaka, na hakina mlio. Kutoka kinapoibuka mpaka kinapotea ni dakika chache tu, na mara nyingine kinazimika katikati ya anga kwa sababu kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Usiku wa manane usijisumbue, jua halikifikii. Kiko juu kama kilomita 400 na kinamaliza mzunguko kwa dakika 90 hivi.

Siku moja nahodha wetu, mtu wa dini kweli, aliniuliza Mwislamu akiwa mle anaswali vipi, maana jua linachomoza na kuzama mara 16 kwa siku moja. Swali hilo lilinikaa. Nikatafuta mpaka nikapata. Mwaka 2007 Malaysia walimpeleka Sheikh Muszaphar Shukor, na ilikuwa Ramadhani. Wanazuoni wa kwao wakakaa wakatoa mwongozo: swala ni tano kwa saa 24, nyakati zifuatwe za pale aliporushiwa, yaani Baikonur, Kazakhstan, na kibla aelekee Kaaba kadiri awezavyo, ikishindikana aelekee dunia. Nilimsomea nahodha ngalawani. Aliniambia nirudie, kisha akawaita vijana wa mbele nao wasikie.

Bi Mkubwa, Chumbageni:
Mwanangu wa Sahare, Mungu akuzidishie. Nami yangu ni ya Ramadhani, ya 2023. Wajukuu walikuwa wanaingoja Starship, roketi kubwa ya kampuni ya SpaceX, iruke kwa mara ya kwanza. Jumatatu ikaahirishwa kwa ajili ya vali iliyoganda kwa baridi. Alhamisi tarehe 20 Aprili wakarudi tena, saa kumi na nusu jioni, nami niko jikoni muhogo wa nazi unachemka na uji wa futari uko pembeni. Ikaruka, ikaenda kama dakika nne, ikaanza kuzunguka hovyo, ikalipuka. Mdogo wao akalia. Nikamwita akae kwenye kibao cha mbuzi anisaidie kukuna nazi ya pili, tukazungumza. Hakuna mtu aliyekuwamo, na walioitengeneza walishasema inaweza kutokea.

Oktoba ya mwaka uliofuata, Jumapili, walinikokota nitazame ile roketi ya chini ya Starship ikirudi yenyewe na kudakwa na mikono ya mnara. Jengo zima, mita kama 70 kwenda juu, linashuka na kudakwa! Nilipiga kigelegele, majirani wakadhani kuna posa.

Mgeni wa Duga:
Shikamoo Bi Mkubwa, shikamooni wakubwa wote. Nimejiunga juzi. Ninachokwama ni saa. Naona wameandika UTC, naona saa za Florida, nikifungua naambiwa imesharushwa.

Mleta mada:
Marahaba, karibu mdogo wangu. Kwa saa yetu ya Kiswahili ni rahisi ajabu. Ukiona UTC, yaani saa ya kimataifa, toa tatu. Chandrayaan ilitua kama 12:33 UTC, toa tatu, ni saa tisa na dakika 33. Saa za Florida zikiwa za majira ya joto, ongeza moja, na majira ya baridi ongeza mbili. Wao wakisema saa 10 asubuhi mwezi wa saba, kwetu ni saa 11 jioni. Na usiku wa kuamkia siku ya kurusha angalia tena, maana upepo tu unatosha kuahirisha.

Mwalimu wa fizikia, Muheza:
Wadau, msiisahau pwani yetu wenyewe. Karibu na Malindi Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini, San Marco, na kati ya 1967 na 1988 roketi za Scout zilipeleka satelaiti kutokea pale. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaruka satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka angani, wakaiita Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei.

Huwa nawaeleza wanafunzi kwa nini pale: karibu na Ikweta mzunguko wa dunia unaipa roketi inayoelekea mashariki msukumo wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na vipande vinaangukia baharini. Nikawauliza, je, Tanga tungeweza? Darasa zima likasema ndiyo. Binti mmoja wa nyuma akasimama: "Hapana mwalimu, mashariki yetu kuna Pemba, vipande vitawaangukia watu wa Wete." Tukafungua ramani, tukapima kwa rula. Yuko sahihi kabisa. Nilifurahi siku ile kuliko matokeo yoyote ya mtihani. Sasa wanatafuta sehemu nyingine ya pwani ya Tanzania ambayo mashariki yake ni wazi, na wameshafika Mtwara.

Mgeni wa Duga:
Mwalimu, hiyo kazi ya ramani na sisi wa nje tunaruhusiwa? Nina mdogo wangu kidato cha pili.

Mwalimu wa fizikia, Muheza:
Aje na rula na atlasi. Tunakutana Jumamosi baada ya adhuhuri.