Mjadala: Bingwa wa AfroBasket arudishiwe tiketi ya Olimpiki, ndiyo au hapana?

Mleta mada, Kamalondo

Wandugu wa Lubumbashi, mniambie. Siku hizi bingwa wa Afrika kwenye kikapu cha wanaume, yaani bingwa wa AfroBasket, anapata nini zaidi ya kombe na picha?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. AfroBasket ya mwaka mmoja kabla ya Olimpiki ndiyo ilikuwa mlango. Mwaka 2011 kule Antananarivo, Tunisia waliwafunga Angola 67 kwa 56, wakaenda London. Mwaka 2015 kule Radès, Nigeria waliwafunga Angola haohao 74 kwa 65, wakaenda Rio. Fainali moja, Afrika nzima inaona, mshindi anafunga mizigo. Hata aliyekosa fainali alikuwa na pa kukimbilia: Nigeria walikuwa wa tatu Antananarivo, wakapelekwa kwenye mchujo wa mwisho Caracas, wakawatoa Ugiriki kwa pointi moja, na London wakafika.

Tangu safari ya Tokyo wamegeuza. Tiketi ya moja kwa moja ya Afrika anapewa anayemaliza juu ya Waafrika wenzake kwenye Kombe la Dunia. Mwaka 2019 ikawa Nigeria, 2023 ikawa Sudan Kusini.

Sasa tazameni. Tunisia walibeba AfroBasket ya 2021 mjini Kigali, wakiwafunga Côte d'Ivoire 78 kwa 75 kwenye fainali. Robo fainali walikuwa wamewatoa Sudan Kusini. Miaka miwili baadaye Kombe la Dunia linachezwa Ufilipino, Japani na Indonesia: bingwa wa Afrika hayumo kabisa, na yule aliyetolewa robo fainali ndiye anayekwenda Paris. Sudan Kusini siwaonei wivu, niliwashangilia mpaka sauti ikakauka. Lakini tiketi yao ilitokana na kuwafunga China, kisha Ufilipino, kisha Angola. Misri nao walikuwa kundi jingine wakipambana na Lithuania, Montenegro na Mexico. Yaani ndugu yako anakupita bila hata kukutana naye uwanjani. Huo ni ushindani gani wa Afrika?

Na sisi Wakongomani je? Ili ufike hilo Kombe la Dunia unapita mechi za mchujo za Novemba, Februari na Julai, mwaka na zaidi. Novemba na Februari ligi za Marekani na Ulaya ziko katikati. Mji wetu huu umezaa Bismack Biyombo na Oscar Tshiebwe. Goma imezaa Jonathan Kuminga. (Biyombo mwaka 2011, Emmanuel Mudiay wa Kinshasa mwaka 2015, Kuminga mwaka 2021: wote watatu NBA, ligi kuu ya Marekani, iliwachagua nafasi ya 7 kati ya wachezaji wapya wa mwaka wao. Namba hiyo sijui ilitupendea nini.) Klabu gani ya NBA itamwachia mtu Februari aje acheze siku tatu na Leopards, timu yetu ya taifa? Agosti wako likizo, na AfroBasket inachezwa Agosti. Nasema tiketi irudi huko. Nipingeni.

Kocha wa vijana, Katuba

Mwanangu, umeongea vizuri, ila kalenda umeiruka. AfroBasket haichezwi tena kila baada ya miaka miwili. Ilichezwa 2017, ikaja 2021, ikaja 2025 kule Angola, na wenyeji wakaibeba kwa kuwafunga Mali 70 kwa 43. Hesabu minne mingine, ni 2029. Olimpiki ya Los Angeles ni 2028. Unataka bingwa wa 2025 akae na tiketi mfukoni miaka mitatu? Wachezaji wake nusu watakuwa wamestaafu.

Na hilo kundi unalolilalamikia, Sudan Kusini walikuwa na Serbia, waliomaliza wa pili duniani. Puerto Rico waliwapeleka mpaka dakika za nyongeza. Hawakupewa mteremko. Walishinda mechi 3, Misri wakashinda 2. Ni hivyo tu.

Halafu huo mlango wa zamani ulikuwa wa nani? Barcelona 1992 Angola. Atlanta 1996 Angola. Sydney Angola, Athens Angola, Beijing Angola. Olimpiki 5 mfululizo, na sisi ni jirani zao wa ukuta mmoja, tunasikiliza kwenye redio. Mfumo uliotuacha nje miaka yote hiyo ndio unataka tuurudishie heshima?

Muuza vipuri, komine ya Kenya hapa Lubumbashi

Na msisahau: kwenye mchujo wa 2023, raundi ya pili, sisi na Sudan Kusini tulikuwa kundi moja. Novemba ileile, Februari ileile. Wao wachezaji waliwatoa wapi?

Mleta mada

Yaya, wao walimpata Luol Deng. Rais wa shirikisho lao alikuwa All-Star wa NBA, yaani mmoja wa nyota teule wa ligi, mara mbili, akaingiza fedha yake mwenyewe, akawapigia simu vijana mmojammoja, Australia mpaka Marekani. Nchi imeingia FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mwaka 2013, na miaka kumi baadaye ina tiketi ya Olimpiki. Ni jambo la ajabu, lakini huwezi kuwaambia mashirikisho ya Afrika yote yasubiri kila moja lipate Luol Deng wake. Sheria nzuri ni ile inayomfaa hata asiye na tajiri.

Kuhusu Angola wa miaka ile: walishinda kwa sababu walikuwa bora. Hiyo si kosa la mfumo.

Mama wa Kampemba, mpenzi wa kikapu

Mnaongea kama nchi hii haijawahi kufika. Wanawake wetu walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka 1994, nchi ikiitwa Zaire, na ubingwa huo ukawapeleka Atlanta 1996. Walimaliza wa mwisho, ndiyo. Lakini Mwadi Mabika alitoka hapo, akaenda Los Angeles Sparks, akabeba ubingwa wa WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, 2001 na 2002. Mimi nilikuwa msichana, nilijua mlolongo wote kwa kichwa: shinda Afrika, nenda Olimpiki. Leo mwanangu wa kiume ananiuliza Kongo inafikaje Olimpiki, naanza kumweleza dirisha la Novemba, raundi ya pili, nafasi ya juu ya Waafrika... mtoto amekwisha lala. Mimi niko na mleta mada.

Kijana wa Ruashi

Wakubwa, shikamoo zenu. Mimi nacheza, kwa hiyo niruhusiwe niongee. Tereni yetu ni ya saruji, ubao umevimba kwa mvua, na ringi imeinama upande wa kulia. Sisi sote tumejifunza kurusha kidogo kushoto. Mwaka jana tulicheza kwenye ukumbi wa ringi iliyonyooka, robo ya kwanza mipira yetu yote ilipita pembeni, watu wakacheka. Novemba hiyo mnayoibishania, hapa ndipo mvua inapoanza. Mazoezi yanasimama, mnashika fagio mnafukuza maji, saruji ikikauka jua limekwisha zama. Na bado mji huu ulitoa klabu ya Espoir Fukash mpaka wakacheza BAL, ligi ya klabu za Afrika, kule Cairo mwaka 2022. Ninyi mnagombania tiketi ya mwaka gani?

Kocha wa vijana, Katuba

Ahsante kijana. Hilo ndilo nilitaka kulisema na nikaogopa kuambiwa natoka kwenye mada.

Mleta mada

Hujatoka, Papa. Ila ringi iliyoinama haiondoi swali, maana Mali nao wana zao na fainali wamefika.

Kwenye kalenda nakupa haki yako, hilo sina jibu lake. Basi nabadilisha pendekezo. Olimpiki ibaki inatokea Kombe la Dunia, lakini bingwa wa AfroBasket na aliyefungwa naye fainali waingie Kombe la Dunia moja kwa moja, bila mchujo. Kwa mpango huo Angola na Mali wa 2025 wangekuwa tayari na nafasi yao Qatar 2027, na huko wagombanie Los Angeles na Waafrika wengine. Kisa cha Tunisia hakitokei tena. Miaka mitatu mfukoni haipo tena.

Muuza vipuri, komine ya Kenya

Hapo sasa.

Kocha wa vijana, Katuba

Nusu nakubali. Bingwa, sawa. Wa pili hapana. Afrika ina nafasi 5 tu kwenye Kombe la Dunia. Ukitoa 2 mapema, nchi zote zilizobaki zinagombania 3, na ligi zetu hizi, unajua mwenyewe tunavyojiandaa. Wewe unayeitetea Kongo ndiye unayeipunguzia nafasi.

Mleta mada

Papa Kocha, hizo 2 zinatafutwa Agosti, Kongo ikiwa na watoto wake wote. Hizo 3 zinatafutwa Novemba na Februari, wenyewe wako kazini. Nipe Agosti.

Kocha wa vijana, Katuba

Na wakikataa kuja hata hiyo Agosti?