NBA mnavunja mabingwa wenu wenyewe halafu mnatuambia ni usawa

Wakuu salamu, leo sizunguki. Nina hasira na NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, tangu Juni 2025, nilidhani zitapoa lakini kila nikikaa kuangalia mechi zinapanda upya.

Boston Celtics walichukua ubingwa 2024. Msimu wa kawaida walishinda mechi 64, fainali wakawapiga Dallas 4-1, ubingwa wa 18, wakawaacha Lakers na 17 zao. Na ile timu haikuokotwa sokoni kwa msimu mmoja. Jaylen Brown walimdrafti (yaani walimchagua kwenye ule mgao wa kila mwaka wa wachezaji wapya wanaoingia ligi) 2016, Jayson Tatum 2017, wote namba 3, wakakulia palepale, 2022 wakafungwa fainali na Golden State wakarudi, 2023 wakafungwa na Miami gemu ya saba nyumbani kwao mbele ya mashabiki wao, wakarudi tena mpaka wakabeba. Sasa sikia. Fainali ya 2025 imeisha tarehe 22 Juni, wiki haijaisha Jrue Holiday keshapelekwa Portland na Kristaps Porziņģis keshapelekwa Atlanta. Luke Kornet akaenda San Antonio. Na mzee wetu Al Horford, mtu aliyepambana misimu 17 ndo akapata pete yake ya kwanza ya ubingwa akiwa na miaka 38, naye akaishia Golden State.

Mwaka mmoja! Mwaka mmoja tu tangu wainue kombe.

Najua kuna mtu atakuja kuniambia ni kwa sababu Tatum alikatika kano ya kisigino kule New York mwezi wa tano. Ile iliwarahisishia uamuzi, sawa, ila hesabu ilikuwa imeshawakaba kabla hajaumia, maana makadirio yalikuwa wakiwabakiza wote mishahara na kodi (ile ligi inayomtoza anayezidisha mishahara) msimu wa 2025-26 vinapita dola milioni 500. Hakuna timu iliyowahi kubeba mzigo kama huo.

Chanzo ni ule mkataba wa 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji, hii kitu wanaita aproni ya pili. Kwa wasiofuatilia, ni mstari wa mishahara, msimu wa 2025-26 uko kama dola milioni 207.8. Ukiuvuka hulipi kodi peke yake, wanakufunga mikono. Huruhusiwi kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili ili ubadilishane na mmoja mkubwa, huruhusiwi kuongeza hela kwenye dili, ule upenyo wa kusajili mchezaji wa mshahara wa kati unafungwa, na chaguo lako la raundi ya kwanza ya drafti la miaka saba mbele linagandishwa usiweze kulitumia kwenye dili lolote. Ukiendelea kukaa juu ya mstari, chaguo lenyewe linasukumwa mpaka mwisho wa raundi. Kodi tajiri anaweza kulipa akanuna, lakini hivi vingine hela haiviondoi, ndo maana naziita hizi adhabu na si kodi.

Na Denver je? Mabingwa 2023. Nikola Jokić walimchukua namba 41 mwaka 2014, arobaini na moja jamani, Jamal Murray 2016, Michael Porter Jr. 2018. Timu ya kulea kabisa, mfano wa kila timu ndogo. Kiangazi cha 2024 Kentavious Caldwell-Pope akaondoka kwenda Orlando kwa sababu kumbakiza kungewapandisha kwenye huo mstari, 2025 Porter akapelekwa Brooklyn na juu yake wakaongezewa chaguo la raundi ya kwanza la 2032 ili ule mkataba uondoke. Yani unalipa mtu amchukue mchezaji uliyemlea mwenyewe.

Wanaotetea wanasema tunataka usawa, tulichoka Golden State na Cleveland kukutana fainali nne mfululizo 2015 mpaka 2018. Wakuu, Kevin Durant aliendaje Golden State 2016? Kikomo cha mishahara kiliruka kutoka dola milioni 70 mpaka 94 kwa mpigo mmoja, baada ya chama cha wachezaji kukataa kipandishwe kidogo kidogo, ndo timu iliyoshinda mechi 73 ikapata nafasi ya kununua supastaa. Kosa lilikuwa lile. Dawa wakaja kumnywesha aliyelea watoto wake.

Tangu 2019 mpaka 2025 mabingwa saba, timu saba tofauti: Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston, Oklahoma City. Wanaihesabu kama sifa. Mimi naona bingwa anayeingia msimu mpya nusu ya watu wake hawapo, na sisi tunaokesha saa tisa na nusu usiku kuangalia fainali tukija kumjua mchezaji wa benchi na tabia zake zote, keshahama.

Na msiniambie hela hakuna. Mkataba wa televisheni na Disney, NBC na Amazon ni miaka 11, dola bilioni 76. Hao hao Celtics waliobomolewa, Machi 2025 yalifikiwa makubaliano ya kuwauza kwa dola bilioni 6.1.

Sasa zamu ni ya Oklahoma City. Shai Gilgeous-Alexander kasaini nyongeza ya miaka minne dola milioni 285, Chet Holmgren na Jalen Williams nao wamesaini mikataba mikubwa inayoanza 2026-27, Chet na Jalen wote wawili wamedraftiwa palepale 2022. Wale vijana wa pembeni wanaokaba kama nyuki wataanza kuondolewa mmoja mmoja.

Ninachotaka ni kimoja. Mchezaji uliyemdrafti mwenyewe na hajawahi kuhama, mshahara wake uhesabiwe nusu kwenye ule mstari. Anayenunua mastaa sokoni abanwe hivyo hivyo. Ligi na chama cha wachezaji ndo walisaini pamoja, wakae wabadilishe pamoja.