Naomba ushauri: Baba amewekewa pampu ya moyo, mguu umekuwa wa baridi

Ndugu zangu, habari za leo. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 61, ambaye tunaishi naye hapa Ujerumani, alipatwa na shambulio la moyo Jumapili usiku, na ingawa mshipa ulioziba ulizibuliwa na kuwekewa stenti (kimrija kidogo cha waya kinachouweka mshipa wazi), shinikizo la damu liliendelea kushuka kwa sababu moyo umeishiwa nguvu. Madaktari wamempitishia pajani pampu ndogo ya Impella, inayofyonza damu kutoka chumba cha chini cha kushoto cha moyo na kuisukuma kwenye mshipa mkuu.

Nimesoma kuhusu utafiti wa DanGer Shock wa mwaka 2024, uliohusu wagonjwa kama baba, ambao moyo uliishiwa nguvu baada ya shambulio: ndani ya siku 180 walifariki asilimia 45.8 ya waliowekewa pampu hiyo, dhidi ya asilimia 58.5 ya waliopata matibabu ya kawaida, ila waliowekewa walivuja damu zaidi, na wengi zaidi walihitaji kusafishwa damu kwa mashine. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwani tangu jana mguu wa upande wa pampu ni wa baridi, na mkojo kwenye mfuko ni kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Wauguzi wanasema wanafuatilia.

Kwa aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa namna hii, au anayefanya kazi chumba cha mahututi: niwaulize madaktari nini kuhusu mguu na figo, na ni dalili zipi huonyesha kwamba pampu inaweza kutolewa? Mama ananisubiri nimweleze kabla ya kikao cha kesho asubuhi.